Pancha

Vari, ndivyo wanavyomwita. Kwenye kitambulisho
imeandikwa Mhairi. Herufi hivi, sauti vile.
Nikasema moyoni: huyu atajua kusoma
kitu ambacho hakikuandikwa kwa ajili ya macho.

Anazima taa. Nje, Glasgow inanyeshewa
mvua yake ya siku zote, isiyo na haraka wala aibu.
Nyamizi amelala chali, kifua wazi,
anauliza kama jeli ile ni ya kupaka kwenye mkate.
"Ni baridi, Baba."
Ni baridi, mama. Tulia kidogo.

Siku tisa homa haikushuka.
Siku ya tatu walisema ni virusi, mpeni maji.
Siku ya tano macho yakawa mekundu bila tongotongo,
ulimi ukawa forosadi mbivu, midomo ikapasuka.
Vipele hawakuviona. Kitabu chao
kimechora vipele vyekundu juu ya ngozi nyeupe,
na ngozi ya mwanangu haijawahi kuwa ukurasa wa kitabu hicho.
Kalunde ndiye aliyeviona, kwa vidole, gizani,
kama mtu apapasaye mchele kutafuta changarawe.

Basi wakamtundikia dripu: kingamwili
iliyochujwa, walisema, kutoka damu za maelfu ya watu.
Sitawajua. Tangu siku ile, nikipanda basi,
nawasalimia wote kimoyomoyo:
dereva, mlevi, bibi mwenye mbwa. Nani ajuaye.

Ngozi ya vidole ikabanduka nchani kama ganda la kitunguu.
Homa ikaondoka. Tukadhani imeondoka na vyake vyote.

Nilikuwa fundi baiskeli Tabora, kabla ya mambo mengi.
Mteja huja na mpira, hewa inatoka, hajui wapi.
Unaujaza, unauzamisha kwenye beseni,
unaupitisha inchi kwa inchi,
mkono unasubiri, jicho linasubiri,
hadi povu liseme: hapa.
Na kuna ule mbaya zaidi, ambao haujatoboka:
mpira uliochoka ubavuni ukatoa ngiri,
mviringo laini, unang'aa,
hewa inazubaa humo kana kwamba imepata nyumba.

Vari anapitisha mkono. Inchi kwa inchi.
Kioo ni maji meusi, moyo unakunja ngumi na kukunjua.
Mshipa wa kushoto, ule unaoshuka mbele,
mwembamba kama tambi,
mwembamba, mwembamba,
kisha si mwembamba.

Anasimamisha picha. Anaweka alama huku, alama kule,
katikati mstari wa vitone.
Milimita sita na nukta mbili.
Hasemi kitu. Wa kusema yuko ghorofa ya juu.
Lakini anapima tena, na mimi fundi
najua maana ya mtu kupima mara ya pili.

Kiraka hakuna. Kuna aspirini kila asubuhi,
kidonge kinachoyeyuka kijikoni huku chai ikipoa.
Kuna kurudi: wiki sita, miezi sita, mwaka,
na siku moja ile skani kubwa ya duara,
dawa ya rangi ikipita mshipani, pumzi imezuiwa.
Kuna baiskeli ya waridi kwenye korido yetu
niliyoinunua kuukuu nikaifufua.
Kila Jumapili nabonyeza matairi kwa dole gumba,
ingawa mwenyewe hajaruhusiwa kuanguka.

Taa zinawaka. Vari anamfuta jeli kwa karatasi,
anampa stika ya farasi mwenye pembe.
Nyamizi anaibandika palepale, juu ya unyevu. Haishiki.
Anaibonyeza tena.

"Umeniona ndani?"
Nimekuona.
"Nilikuwa nafanya nini?"

Natazama kioo. Kimezimwa, kina sura yangu tu.

Ulikuwa kazini, mama. Hukupumzika hata kidogo.